Posho Ipo, Njoo na Ndoo

Alhamisi asubuhi, chai yangu haijapoa bado, geti langu hapa Area D liligongwa, na kwa jinsi lilivyogongwa nikajua huyu hajaja kuazima ngazi. Alikuwa mume wa jirani yangu, mzee mpole anayeongea kama vile kuna mtoto amelala chumba cha pili. Akasema, "Jirani, mwenzangu ametutoka." Nikamkaribisha aketi, hakuketi. Nikaanza kuokoteza maneno ya pole, naye akanikata: "Jumamosi tangi linatakiwa Kolo. Kuna bibi anasubiri kule. Nani atalipeleka?"

Safu hii haitaji majina, na sitaanza leo. Lakini makanisa yote ya Kibaptisti ya mji huu na vijiji vyake yalimwita marehemu Mama Tangi, na ukisikia habari ya hilo tangi utaelewa kwa nini jina la kuzaliwa lilisahaulika. Wabaptisti, kwa wasiowajua, hawabatizi kwa matone. Muumini anazamishwa mzima mzima, kichwa hadi miguu, ndipo inahesabika. Sasa jamani, hapa kwetu uwanda wa kati, kuzamishwa wapi? Mito yetu ni ya msimu, ikishapita mvua inabaki michanga ya kuchezea watoto. Makanisa ya vijijini yalikuwa na watu waliokwisha kuamini, wamefundishwa, wameiva, lakini wanangoja mvua hadi mvua ili wabatizwe. Mama huyu, aliyestaafu kazi ya kupiga chapa katika ofisi moja ya serikali, alikerwa na jambo hilo kuliko wachungaji wenyewe. "Mtu amemkubali Mungu," alikuwa akiniambia huku amejishika kiuno, "halafu tunamwambia subiri wingu! Haiwezekani, jirani."

Basi akaenda Kizota kwa fundi wa kuchomelea vyuma, naye muumini, akamtaka atengeneze tangi la kubatizia linaloweza kupanda kirikuu yake, lile gari dogo la mizigo. Fundi akauliza vipimo. Mama Tangi hakuwa na vipimo. Akatandika khanga pale pale karakana, kati ya mabati na cheche, akajilaza chali: "Nichore!" Fundi akachukua chaki akachora sakafuni kumzunguka, akaongeza nafasi kidogo pembeni, akakata bati. Msichojua ni kwamba Mama Tangi alikuwa mfupi na mnene, mama wa kujaza mlango. Tangi likatoka kama yeye: pana, fupi, imara. Akalipaka rangi ya bluu, akafurahi nalo mpaka akaja kunionyesha, mimi niliyebatizwa utotoni kwa maji ya kikombe. "Njoo uone, wewe wa matone!" Ndivyo alivyonitania miaka yote.

Safari ya kwanza ilikuwa upande wa Bahi, nami nilikwenda kwa udaku wangu. Wa kwanza kuingia alikuwa mzee wa Kigogo, mfugaji, mrefu ajabu, mtu ambaye ukiongea naye shingo inauma. Akaketi ndani ya maji, mchungaji akamlaza chali, na magoti yakabaki juu kama vilima viwili. Mchungaji akakandamiza magoti, kichwa kikaibuka. Akakandamiza kichwa, magoti yakaibuka. Msicheke, hili kwa Wabaptisti si jambo dogo! Wazee wa kanisa wakakusanyika kando ya tangi wakajadiliana kwa uzito wote, mmoja akisema magoti hayana dhambi, mwingine akisema mzima ni mzima. Yule mzee akasimama, maji yanamchuruzika, akawauliza kwa upole kabisa: "Sasa wachungaji, mimi nimebatizwa au nimeoga?"

Mama Tangi akavua viatu, akajifunga kitenge vizuri, akapanda kwenye tangi mbele ya watu wote. Akapiga magoti, akainama mbele, akapotea majini, chubwi! Akaibuka kilemba kimemshuka puani. "Hivi!" akapiga kelele. "Kuna kilichobaki nje?" Mzee mmoja wa kanisa akalalamika kwamba mama amejibatiza mara ya pili. "Nimemwonyesha njia tu," akajibu, "ya kwangu ya kwanza bado inafanya kazi." Yule mzee mrefu akapiga magoti kama alivyoonyeshwa, mchungaji akamweka mkono kisogoni, akainama, maji yakamfunika usibaki nje hata unywele mmoja. Vigelegele vilivyopigwa pale, acheni! Mimi wa matone nilijikuta napiga makofi mpaka viganja vikauma. Tangu siku hiyo makanisa yote ya umoja wao hubatiza kwa kupiga magoti, hata yale ya mjini yenye birika la vigae. Fundi alipojitolea kulirefusha tangi, Mama Tangi alikataa katakata. "Liache. Sasa mrefu na mfupi wote wanapiga magoti. Mimi nimekosea vizuri."

Lakini kilichonivutia zaidi kwake si tangi, ni jinsi alivyokusanya watu. Mji wetu huu ni mji wa vikao. Ukimwita mtu popote, awe mtumishi wa wizara, mwanafunzi wa chuo au mwenye kibanda cha kuchapa, swali la kwanza analouliza ni kama posho ipo. Simlaumu, maisha yenyewe tunayaona. Mama Tangi alikuwa na jibu moja kwa wote: "Posho ipo, njoo na ndoo." Na watu walikuja! Kirikuu ilikuwa inabeba tangi na madumu machache tu, maji mengine yalichotwa na wenyeji kule kule, na utaratibu wake ulikuwa kwamba hakuna anayekuja kutazama mikono mitupu. Ukija kushuhudia, unakuja na maji, uwe muumini, uwe jirani, uwe wa dini nyingine, hata kama ni kopo. Halafu ibada ikiisha, yale maji hayamwagwi. Tangi lina koki chini, linafunguliwa, na wale wale waliobatizwa na waliowabatiza wanaingia kwenye udongo kufyatua tofali, nguo zikiwa bado mbichi. Kijiji kimoja tofali hizo zilikuwa za kanisa, kingine za nyumba ya nesi. Nimemwona karani wa Bunge, mtu wa suti na tai, amejaa tope hadi kwenye nyusi, anacheka kama aliyeshinda bahati nasibu. Nilimuuliza nini kinamleta kila Jumamosi. Akasema kazini kwake hajawahi kuona jioni kitu alichokianza asubuhi.

Sasa turudi kwenye ule msiba. Mazishi yalipangwa Jumapili, kwa kuwa ndugu zake walikuwa wanatoka Kigoma. Mwenyekiti wa umoja wa makanisa, mtu mwema asiyependa maneno ya watu, akasimama Alhamisi jioni chini ya turubai akasema safari ya Kolo iahirishwe. Watu wakaitikia. Utaondokaje msibani mwili haujazikwa, uende kubatiza? Mtaani watasema nini? Mimi mwenyewe nilitikisa kichwa kukubali. Ndipo mgane akainuka. Akaeleza kwamba yule bibi wa kijiji cha karibu na Kolo ameahirishiwa tangu zamani: kwanza korongo lilikauka, kisha gari likaharibika njiani, kisha Mama Tangi akaanza kuugua. Miguu ya bibi inakufa ganzi, kila ujumbe anaotuma ni mmoja tu, asije akaondoka kabla ya kubatizwa. "Mke wangu aliniachia neno moja hospitalini," akasema, na sauti ile ya kuogopa kuamsha mtoto ilisikika turubai zima. "Alisema, usiwaache watumie mauti yangu kumchelewesha yule mama. Basi msimcheleweshe. Kama mnampenda, pakieni." Mwenyekiti akaketi. Mgane akanigeukia mimi: "Jirani, leseni yako bado hai?"

Mwe! Mimi wa matone nikawa dereva wa tangi la Wabaptisti. Jumamosi alfajiri tukatoka, mchungaji kando yangu, vijana wa kwaya na yule karani nyuma kwa gari jingine, na niwaambie ukweli, nilikuwa na huzuni hadi tulipofika Haneti, kisha ikaanza kunijia furaha isiyo na adabu. Wale vijana waliimba njia nzima! Tulipofika kijijini tukakuta watu wamepanga madumu mstari mrefu, na punda bado wanaleta mengine. Mwenye punda alikuwa mjukuu wa yule bibi, mwanamume mtu mzima mwenye baraghashia kichwani, Mwislamu kama nusu na zaidi ya kijiji kile. Nilipomshukuru alishangaa. "Dini ni ya bibi yangu," akasema, "lakini bibi ni wangu."

Bibi aliletwa amebebwa kwenye kiti. "Shikamoo bibi," tukasema. "Marahaba wanangu. Yuko wapi mwenye tangi?" Mchungaji akamweleza. Bibi akasema, "Amekufa na mmekuja?" Tukasema ndiyo. Akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akasema basi twendeni. Na hapo, wakati tunamwingiza majini, ndipo likanijia jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria njia nzima: bibi hawezi kupiga magoti. Miguu ile haikunjiki. Kinamama wawili walimshika kwapani, wakajaribu, akauma meno kwa maumivu. Nilimwona mchungaji ametazama maji kama mtu aliyepotelewa na ufunguo. Tumeacha maiti nyumbani, tumekuja mpaka huku, na mama huyu anarudishwa tena kwenye kiti?

"Nilazeni," bibi akasema. "Mimi nilijua kulala kabla ya kutembea." Wakamlaza chali, polepole, mikono chini ya mgongo. Bibi yule alikuwa mfupi. Alikuwa mfupi na mnene, mama wa kujaza mlango. Miguu yake ilinyooka mpaka mwisho wa tangi ikagusa bati kwa unyayo, kichwa kikapata nafasi yake, mabega yakapata yake, na maji yakamfunika mzima kwa mara moja, kama shuka. Hakuna goti lililobaki nje. Nilimwona marehemu amelala kwenye khanga pale Kizota anapiga kelele nichore, nikalia na kucheka pamoja, sikujua kipi kinatangulia. Bibi akainuliwa anahema, akauliza, "Tayari?" Mchungaji akaitikia kwa kichwa. Kijiji kikalipuka!

Tulipofungua koki ili tufyatue tofali, mjukuu wa bibi akatuzuia. Wazee wa kijiji walikuwa wameshauriana. Wakayajaza yale maji kwenye madumu yetu wenyewe, wakayafunga vizuri, wakayapakia. "Kesho mtamzika," akasema. "Mtachanganya zege. Chukueni ya kwake." Jumapili mchana, mbele ya ndugu wa Kigoma ambao hawakuelewa kwa nini watu wazima wanagombania madumu, zege la kaburi la Mama Tangi lilichanganywa kwa maji ya Kolo. Yule mzee mrefu wa Bahi alikuwepo. Alipiga magoti kusawazisha kwa mwiko, na hata hivyo alikuwa bado anatuzidi kimo.

Nimehudhuria mazishi mengi ya wakubwa katika mji huu, nikasikia ikisemwa pengo hili halitazibika. Siku hizi nikisikia hivyo najiuliza, ina maana marehemu hakumfundisha mtu? Mama Tangi alikufa Alhamisi na Jumamosi kazi yake ilikuwa barabarani, inaendeshwa na mtu ambaye hata si wa kanisa lake. Hilo ndilo nililojifunza kwake: ukijitolea, jitoe wewe mzima, na ufupi wako na unene wako, kisha uwaachie wengine ufunguo wa gari. Ufunguo huo uko mfukoni mwangu ninapoandika. Mgane alikataa kuupokea. Jumamosi hii ni zamu ya Bahi, na kama unauliza posho, jibu unalijua.