Keki ya Imani na Roketi Iliyopasuka

Roketi ilipasuka angani tukiitazama kwenye televisheni, na watu walioiunda wakapiga makofi. Sisi tuliokuwa sebuleni kwangu mjini Laurel, huku ughaibuni, watu kumi na wanne wenye sahani mapajani, tulitazamana kana kwamba tumeona watu wakichekelea matanga.

Ilikuwa Jumamosi, karibu saa tano asubuhi. Tulikuwa tumekutana kwa ibada ya nyumbani, ambayo huzunguka kila mwezi kutoka kwa huyu hadi kwa yule. Ndani ya friji yangu kulikuwa na keki iliyoandikwa kwa sukari ya waridi: "Hongera Nesi Wetu." Nesi huyo alikuwa binamu yangu. Kwa miaka sita amewaogesha na kuwalisha wazee wa watu, akisoma vitabu vyake kwenye basi, na juma lililotangulia alikuwa amefanya mtihani wa leseni. Kina mama wa kundi letu hawangoji matokeo. Wakishaomba, wanashukuru papo hapo, kwa imani, na keki inaagizwa. Waliwahi kushona sare za harusi kabla posa haijajibiwa, na harusi ikafanyika.

Mimi peke yangu nilijua kwamba ameanguka. Aliniambia jikoni asubuhi ile, akikata vitunguu vya kachumbari, bila kuinua macho. Aliomba jambo moja tu: nimtoe pale nyumbani kabla ya saa ya shuhuda. Kwetu anayesimama kutoa ushuhuda ni aliyepata: kazi, makaratasi ya ukaazi, mtoto, nyumba. Aliyekosa hukaa, na wenzake humwombea kwa sauti ya chini. Sauti hiyo ndiyo aliyoiogopa. Tukakubaliana kwamba nitasema ameitwa kazini.

Aliyewasha televisheni ni shemeji yangu, fundi wa mitambo ya kupoza majengo ya kompyuta kule Sterling. Roketi hiyo aliingojea wiki nzima kama mtu anayengojea mgeni uwanja wa ndege. Kila mmoja akawa na neno. Mama mzee tunayemwita Shosho, nyanya wa kundi zima, aliuliza kama hao wanaotafuta makao huko juu wameshajua kodi ya nyumba hapa chini. Roketi ilipoanza kupanda hata watoto walinyamaza. Dakika chache baadaye iliyumba, ikageuka moshi mweupe, na ndipo makofi yakaanza.

"Banafurahia nini?" akauliza ndugu mmoja Mkongomani, ambaye huegesha magari ya wageni hotelini katika mji jirani wa Alexandria. "Mimi nikikwaruza mlango moja tu, bananifukuza."

Shemeji alieleza kwamba ndani ya roketi hamkuwa na mtu. Lilikuwa jaribio, ile iliyotangulia haikufika hata nusu ya pale, na sasa wanajua palipolegea.

"Kwa hiyo wameanguka wakijua walipofika," Shosho akasema, na akaendelea kula.

Nilikuwa nimeshika ufunguo wa gari, uongo wetu ukiwa tayari mdomoni. Binamu yangu alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na bakuli la kachumbari, macho kwenye ule moshi. Aliweka bakuli mezani, akaja katikati ya sebule, aproni bado kiunoni.

"Nina ushuhuda," akasema.

Vigelegele vikaanza. Mama mmoja akakimbilia friji, akarudi na keki.

"Ngojeni kwanza. Nimeanguka mtihani." Sauti yake haikutetemeka. "Wamenionyesha nilipoangukia: dawa za moyo na watoto wachanga. Kwingine nimepita. Na hakuna aliyekufa."

Mwenye keki alisimama palepale, hajui kama aendelee au arudi. Kisha Shosho akafuta vidole vyake.

"Keki inasimama njiani kwa nini?" akasema. "Leteni kisu."

Vigelegele vilivyofuata vilikuwa vikubwa kuliko vya kwanza. Jirani wa chini aligonga dari yake. Mkongomani alinung'unika kwamba hata roketi haikupewa keki. Halafu, bila mtu kuitwa, wengine wakaanza kusimama. Shemeji alisema mtihani wa kuendesha gari ulimshinda mara tatu, jambo ambalo dada yangu, mkewe, alikuwa analisikia kwa mara ya kwanza. Mchungaji wetu naye alikuwa na lake. Shosho akakiri kwamba mahojiano yake ya uraia, yale aliyotuambia yameahirishwa, hayakuahirishwa. Kila mmoja alipigiwa makofi akitaja alipofikia kabla ya kuanguka. Nimehudhuria ibada hizi kwa miaka mingi, na sijawahi kuona watu wakiondoka wamenyooka migongo namna ile.

Binamu yangu alikula kipande chenye neno "Hongera." Chenye "Nesi" alikifunga kwa karatasi ya foili, akakitia kwenye friza yangu, akasema nisimruhusu mtu kukigusa.

Jana amerudia mtihani. Anasema kompyuta ilijizima mapema kuliko mara ya kwanza, nayo hujizima mapema kwa aliyefaulu vizuri na kwa aliyeanguka vibaya. Matokeo yanatoka kesho. Kina mama wameshaagiza keki nyingine, na kile kipande bado kiko kwenye friza.