Kitambaa Chekundu Kwenye Waya wa Mashine Yangu

Mara ya kwanza kukiona kile kitambaa, nilidhani macho yananidanganya.

Kipande chembamba, chekundu, upana wa kidole. Kimefungwa kwenye waya wa mashine yangu ya mazoezi. Fundo lenyewe bovu, kama limefungwa na mtu aliyekuwa akitetemeka.

Na mlango nilikuwa nimeufunga kwa kufuli mwenyewe. Ufunguo uko shingoni mwangu.

Sasa wewe niambie. Mtu wa bara kama mimi akikuta kitambaa chekundu chumbani mwake, huku pwani, Kinondo, akili yake inakimbilia wapi?

Msinicheke. Ilikimbilia hukohuko, kwenye uchawi.

Naitwa Christabel, kwetu ni Vihiga. Asubuhi ninafundisha mazoezi kwenye hoteli moja Diani. Jioni nina wateja wangu, akina mama wasiotaka kuvuta vyuma mbele ya wanaume. Ninawafundishia kwenye chumba cha uani nilichopanga kwa Bi Mwanasiti.

Mashine ni ile ya puli. Unakaa kwenye kiti, unavuta fimbo iliyo juu ya kichwa, waya unapita kwenye magurudumu na kuinua vyuma vya uzito upande wa nyuma. Niliinunua kuukuu kwa Mzungu aliyekuwa akihama Galu. Hiyo ndiyo ofisi yangu.

Bi Mwanasiti alipatwa na kiharusi mwaka juzi. Mkono wa kulia ulilegea, maneno yakampotea. Alishinda barazani kwenye kiti, akiitikia salamu kwa macho. Mwanawe, Tofiki, nahodha wa boti ya watalii, alimlinda kama yai. Hata kikombe hakumwachia akishike.

Chumba changu kilikuwa na mlango wa pili, wa kuingilia nyumbani kwao. Komeo lilikuwa upande wao. Niliambiwa haufunguliwi.

Basi nikakifungua kile kitambaa, nikakichoma, nikaomba kwa sauti mpaka koo likakauka.

Siku tatu baadaye, pini ya kuchagulia uzito niliyoiacha kwenye chuma cha sita nikaikuta kwenye cha kwanza.



Nikawa mtu wa kugeuka nyuma. Kazini ninawahesabia wageni, moja, mbili, tatu, napotea. Ninapiga simu kwa dada yangu, nakata kabla hajapokea. Nikanunua kufuli la pili, kubwa.

Wiki iliyofuata kitambaa kikarudi. Chekundu vilevile. Mahali palepale.

Safari hii, nilipokuwa nakifungua, niliona kitu. Plastiki inayofunika waya ilikuwa imevimba pale, kama mshipa wa shingo.

Hotelini nikamuuliza Karisa, fundi wetu wa mashine.

"Imevimba wapi?"

"Pale inapopindia kwenye puli ya juu."

Akaweka spana chini. "Hiyo ni kutu, dada. Hewa ya huku ina chumvi. Inaingia chini ya plastiki, nyuzi zinakatika mojamoja. Nje waya unang'aa, ndani umeoza. Usivutwe tena. Ubadilishe."

"Nitabadilisha mwisho wa mwezi."

"Waya haujui mwisho wa mwezi." Akaniangalia. "Mara ya mwisho kuifuta hiyo mashine ni lini?"

Kwa miaka miwili nilikuwa nikifuta kiti tu. Ndicho wateja wanachokiona.

Unajua nilifanya nini? Nilizungusha tepu nyeusi pale palipovimba. Nikawapa wateja mazoezi ya sakafuni, nikajiambia nitashughulikia. Akili yangu haikuwa kwenye waya. Ilikuwa kwa mchawi wangu.

Na mchawi, kwa hesabu zangu, alikuwa mmoja tu. Komeo liko upande wao. Nani mwingine?

Jumatano asubuhi nikamkuta Tofiki uani akikunja kamba.

"Tofiki, ni wewe unayeniwekea vitu chumbani?"

"Vitu gani, dada?"

"Unavijua. Kama mnataka nihame, semeni. Msinitupie mambo yenu ya giza."

Akasimama taratibu. Hakupaza sauti.

"Dada Christabel, tumekuweka hapa kama ndugu. Mimi naswali. Leo waniita mchawi mbele ya mama yangu?"

Bi Mwanasiti alikuwa kwenye kiti chake. Alinyoosha shingo, mdomo ukahangaika. "Ki... ki..."

"Pole mama, usijisumbue," nikamwambia, nikaondoka zangu kwa hasira.

Kesho yake kazini sikukalika. Saa nne nikaomba ruhusa, nikapanda bodaboda hadi Kinondo. Nilitaka kumfumania.

Nilipofika uani nikaisikia. Mashine yangu. Kri... kri... ta. Kri... kri... ta.

Makufuli mawili yakanichukua muda. Nikausukuma mlango.

Bi Mwanasiti.

Amekaa kwenye kiti cha mashine, leso imefungwa kiunoni. Mkono wa kushoto umeshika fimbo, na wa kulia, ule tuliosema umekufa, umeshika fimbo pia. Anavuta. Jasho linamtiririka. Mlango wa ndani uko wazi nyuma yake.

Nikainua macho kwenye puli ya juu. Tepu yangu nyeusi ilikuwa inazunguka gurudumu.

"Mama, achia! Achia!"

Waya ukakatika.

Ulilia kama fataki. Vyuma vikaanguka, fimbo ikashuka na kumpiga juu ya jicho. Nilimdaka akiwa anateleza kitini, damu imejaa usoni.

Sikumbuki nilivyoita tuktuk. Ninachokumbuka ni kichwa chake mapajani mwangu njia nzima hadi hospitali ya Msambweni, na mimi nikirudia, "Nisamehe, nisamehe."

Alishonwa nyuzi tano. Daktari akasema fimbo ingeshuka kidogo tu chini zaidi, jicho lingekwenda.

Tofiki alifika akihema, bila viatu. Nilitaka kumweleza, hakunitazama. Aliinama kwa mamake. Ndipo akaona.

Bi Mwanasiti alikuwa amenishika kiganja. Kwa mkono wa kulia. Vidole vyote vitano.

Tofiki akakaa sakafuni, pale pale kati ya vitanda.

Ilimchukua Bi Mwanasiti muda mrefu kuzungumza. Neno moja, pumzi. Neno jingine, pumzi. Hatukumkatiza.

Alikuwa akiingia chumbani kila nilipokwenda kazini, miezi miwili sasa. Alificha kwa sababu mwanawe angemkataza. Siku moja akauona waya umevimba. Hakuweza kuniambia, ulimi hautii. Basi akachana leso nyekundu kuukuu, akapanda juu ya kiti cha mashine, akafunga alama pale palipoharibika. Kwa mkono mmoja na meno.

Nikaweka mikono usoni.

"Lakini mama, kwa nini uliendelea kuvuta?"

Akaniangalia kama mtu anayeulizwa jambo la wazi.

"Alama... uliitoa. Nikarudisha... ukatoa. Tepu mpya." Akameza mate. "Nikajua... umetengeneza."

Wenzangu, nimeachwa na mwanamume, nimefukuzwa kazi Nairobi, lakini sijawahi kusikia maneno mazito kama hayo.

Karisa alibadilisha waya zote na magurudumu mawili. Sasa kila Jumamosi ninapitisha kitambaa kwenye waya kutoka mwanzo hadi mwisho, kwanza chenye maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikavu, na vidole vyangu vinatafuta uvimbe. Dalili ikionekana, mashine inasimama siku hiyohiyo.

Bi Mwanasiti huja saa kumi, kupitia mlango wa uani, mchana kweupe. Tofiki hukaa kizingitini akimhesabia.

Mimi huniitikia salamu, basi. Nilimwomba radhi mbele ya majirani wote. Alisema amesamehe, na mimi naona bado. Ni haki yake.

Ukikuta alama usiyoielewa kwenye kitu chako, kabla hujamtafuta adui, kikague kwanza kile kitu. Huenda kuna mtu anayekupenda, na hana njia nyingine ya kukwambia.