Muhtasari Uliomfikia Mama

Cheka ukitaka, mimi nimeshindwa. Nimemaliza riwaya yangu ya kwanza hapa mtaani Majimbo, nikiandika kila nikitoka kufundisha. Mhariri mmoja wa Nairobi akaniomba muhtasari wa ukurasa mmoja. "Usinifiche mwisho," akasisitiza. Basi nikaeleza yote: mkulima wa chai kule Kibugu ana saratani isiyotibika, wanawe wanamdanganya kuwa ni vidonda vya tumbo, naye anakufa akingoja kupona.

Ukweli ni kwamba sikubuni chochote ila hicho kifo. Mkulima huyo ni mama yangu.

Nikautuma kwa simu, nikajipongeza kwa chai na mandazi. Mhariri nimemhifadhi simuni kama Madam, jina linalokaa juu tu ya Mama. Jioni Mama akanipigia, nami kwa ujinga wangu nikaanza kujigamba kwamba sasa mimi ni mwandishi.

"Nimesoma, Wanja," akasema polepole. "Umeandika vizuri."

Nikaitoa simu sikioni, nikaangalia. Madam hakuwa ametumiwa kitu.

"Mama, umesoma nini?"

"Huyo mama wa hadithi," akaniuliza, "watoto wake walikuwa wanangoja nini kumwambia?"