Wamefika, au Watafika?

Nakumbuka siku moja, mwanangu, katika ile miaka ya themanini, nilipomsafirisha mtu mzima hadi Mombasa bure kwa kosa la silabi moja. Nilikuwa msichana wa Muyeye, nimemaliza shule juzi tu, na najiona hakuna nisilolijua.

Jirani yetu, Bi Luzia, alikuwa mjane kutoka Msumbiji. Mtoto wa jicho alikwisha kumfunika macho, akawa anaona ukungu tu. Kwao kulikuwa na vita. Barua za binti yake zilikuja kwa Kireno, lugha aliyofundishwa kuandika, nami ndiye niliyemsomea. Bi Luzia alinifunza herufi zinavyotamkwa, na ile ão itokee puani. Maana aliipata mwenyewe kwa kusikia. Baada ya miezi mitatu nikawa najiita mwalimu.

Basi ikaja barua yenye habari za wajukuu zake wawili: Os netos chegarão a Mombaça. Nikaisoma mbio, nikakaza sauti kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama tufanyavyo katika Kiswahili: cheGArão.

Bi Luzia akashika kanga kifuani. "Wamefika?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, bibi."

"Hebu soma tena, polepole."

Nikasoma vilevile. Kuambiwa polepole kuliniudhi. Lakini mbio za sakafuni, mwanangu, huishia ukingoni.

Asubuhi ile ile akapanda basi. Siku tatu alisimama penye lango la bandari, akimuuliza kila apitaye kama ameona watoto wawili wa Msumbiji. Siku ya nne akarudi, miguu imevimba. Nilingoja matusi. Akasema tu, "Lete barua. Gawa neno."

"Che. Ga. Rão."

"Juu ya a pana alama?"

"Ipo, kama kiwimbi."

"Basi sauti ikae hapo, mwisho."

"ChegaRÃO," nikasema.

Akasema, "Hawajafika. Watafika. Ukikaza katikati, wamefika. Ukikaza mwisho, wako njiani, na njia ina vita. Wewe uliwafikisha kwa ulimi."

Uzito wa pumzi tu, na watoto wanahama kutoka jana kwenda kesho!

Chini ya barua palikuwa na neno jingine: ver-te-emos. Safari hii nililigawa kwa hofu, ver, te, e, mos, naye akaniongoza nikaze kwenye e.

"Tutakuona," akalifasiri. "Hiyo te ni mimi. Wameniweka ndani ya neno."

Nikajisemea: tu-ta-ku-o-na. Ile ku yetu nayo imekaa katikati vilevile! Mpaka leo, na uzee huu, nalistaajabia hilo. Nani aliwaambia watu wa mbali hivyo wamhifadhi mpendwa wao mle mle tumboni mwa kitenzi?

Masika yalipokwisha watoto walifika, wote wawili. Yule mdogo aliniuliza kwa nini bibi anawapapasa nyuso huku analia.

Mwanangu, ukipewa maneno ya watu uyafikishe, usiyapitishe kwenye mazoea yako. Lugha ya mwenzio ni nyumba yake, bisha hodi. Na ukiambiwa soma tena, soma tena; kuna mtu anataka kufunga safari kwa neno lako. Mungu akupe ulimi mtulivu na sikio pevu, na wote unaowangoja akufikishie salama.