Mshipi wa Kutupia Mawimbini

Duka nililofanyia kazi Thika liliuza misumari, panga, rangi na, kwenye kona ya nyuma kabisa, vitu vya kuvulia samaki. Walioviulizia ni Wazungu wa mashamba ya kahawa. Fimbo zilikuwa ndefu, ukuta haukuzitosha, kwa hiyo tajiri wetu Mhindi alizitundika chini ya dari. Kila nilipoinua macho niliziona, na mimi nilikuwa mtu wa kuinua macho. Bahari sikuwa nimeiona. Maji makubwa niliyoyajua ni ya mto Chania baada ya mvua.

Ilikuwa miaka ya imajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya Wazungu. Pasibuku yangu, kile kitabu cha ruhusa, iliniruhusu kulala Ruiru na kufanya kazi Thika, basi. Asubuhi nilitoka kijijini kwa baiskeli lango likishafunguliwa, jioni nilikanyaga mbio kabla halijafungwa. Kijiji kilizungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa, na nyumba zilibanana hivi kwamba jirani akikohoa unampa pole ukiwa kitandani mwako. Kwa hiyo niliota. Kuota hakukutaka pasi.

Siku moja akaingia mpishi wa shamba moja la Ruiru, mtu wa pwani, kofia safi, maneno matamu. Akasema bwana wake anakwenda likizo pwani na amemtuma mshipi, lakini uwe mshipi mzuri wa kutupia mawimbini. Nikaitika, nikaenda kwenye rafu, nikamletea mikanda mitatu ya ngozi. Nikamsifia ule wenye chuma cha kung'aa.

Aliutazama, kisha akanitazama mimi.

"Huu nimfunge samaki kiunoni, mwanangu?"

Tajiri alicheka mpaka akashika kaunta. Kwetu bara mshipi ni wa suruali. Kwao, nikaelezwa, ni uzi wa kuvulia, na kinywani mwa mpishi neno hilo lilibeba vyote: uzi, ndoana, fimbo, na ile rili ya kukunjia uzi. Nililipenda neno hilo papo hapo. Nilijishika kiuno nikajiona nimejifunga bahari.

Ajabu ni kwamba fimbo hakuzijua. Utotoni alivua kwa uzi wa mkononi, amesimama mwambani. Alichokijua ni mawimbi. Alisema samaki hukaa nyuma ya pale yanapovunjika, kwa hiyo usipotupa mbali unalisha mchanga. Halafu akaongeza kwamba bwana wake anatafuta kijana wa kupiga hema na kubeba vyombo huko pwani.

"Nichagulie kitu kinachofika mbali, nami nitakusemea wewe."

Nikateremsha fimbo ndefu kuliko zote, nikaifunga rili kubwa kuliko zote, maana niliona bahari haiwezi kutaka kidogo. Nyuma ya duka palikuwa na uwanja wa nyasi. Nikafunga nati nzito mwisho wa uzi, nikatupa kwa nguvu zangu zote. Nati ikaanguka karibu na viatu vya mpishi. Akarudi nyuma hatua moja, kwa adabu.

Nikakaa chini nikaitazama. Rili ile haikuzunguka uzi ulipotoka. Uzi ulijichomoa wenyewe kwa vitanzi vipana, na vitanzi vilipofika kwenye pete ya kwanza ya fimbo, iliyokuwa ndogo, vilisongamana kama watu kwenye lango letu jioni. Nikateremsha fimbo nyingine, fupi kidogo, ambayo pete yake ya kwanza ilikuwa na upana wa kikombe na ilikaa mbali na rili, kisha pete nyingine zikapungua upana hadi nchani. Ile rili kubwa ilivuta fimbo hii kwa nyuma, ndogo ikaiacha iiname mbele. Rili ya kati ilipofungwa, niliweza kuilaza fimbo kwenye kidole kimoja ikatulia. Nikatupa. Nati ikapita nyasi, ikapita ua, ikaingia migombani kwa watu.

"Hiyo imekwenda," mpishi akasema taratibu.

Bwana wake alinikubali. Ikabaki ruhusa tu. Nikaenda ofisi ya pasi. Karani, mtu wa bara kama mimi, akauliza nakwenda pwani kufanya nini. Nilikuwa na furaha, na nilikuwa na neno jipya.

"Kutupa mshipi," nikasema.

Kalamu ikasimama. Homugadi, askari mlinzi wa serikali, aliyekuwa mlangoni akageuka.

"Utoke Ruiru mpaka pwani kutupa mkanda?" karani akauliza.

Nikaeleza samaki, nikaeleza pete, na kila nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mtu wa mafumbo. Wakati ule neno lenye maana mbili lilitisha kuliko panga. Akauliza nani kanifundisha kusema hivyo. Nikamwona akilini mpishi na kofia yake safi, sikumtaja. Pasibuku ikarudi bila muhuri.

Alikwenda kijana mwingine wa shambani, mtu wa magharibi, ambaye hakuhitaji ruhusa kwa kuwa amri zile zilibana kabila letu, si lake. Nilimfundisha mimi mwenyewe kutupa, pale nyuma ya duka. Aliniuliza maji yana kina gani, kwa kuwa hakujua kuogelea. Nikamwambia maji yatamfika magotini tu, kana kwamba nimewahi kusimama ndani yake.

Waliporudi, mpishi alileta rili. Ilikuwa inasaga. Akasema fimbo ilitupa mbali kuliko za Wazungu wenzake bwana. Nikaifungua rili juu ya gazeti. Ukamwagika mchanga mweupe, laini, usiofanana na udongo wetu mwekundu kwa lolote. Nikaonja kwa ncha ya kidole, una chumvi. Kisha nikaukunja kwenye karatasi nikautia mfukoni.

Jioni langoni homugadi akanipekua, akaifungua karatasi.

"Nini hii?"

Safari hii sikutaja mshipi.

"Mchanga wa kusugulia sufuria."

Akanirudishia, na lango likafungwa. Mama alikuwa nyuma yangu na mtungi wa maji, akasikia, na mama ni mtu wa kuniamini. Asubuhi sufuria iling'aa kuliko siku zote, na karatasi ilikuwa tupu. Nilitaka kununa nikashindwa, nikacheka. Nikaunywa uji polepole. Mama akauliza una nini.

"Una chumvi kidogo," nikamwambia.

Akasema hajatia chumvi.