Jumamosi Yao ya Edinburgh

Kicheko cha mama mkwe wangu mtarajiwa hakijanitoka masikioni.

Mchumba wangu Anselmi yuko masomoni Edinburgh, mwaka wa tatu sasa. Mama yake hajui kusoma, kwa hiyo barua zikifika Mpanda namsomea mimi au katekista.

Leo nikafungua mpya.

Aliandika kwamba Jumamosi walipanda kwenye ngome iliyo juu ya jabali. Wakala aiskrimu bustanini. "Mtoto alipochoka nikambeba mabegani, mama yake akatupiga picha."

Nikaishusha barua. Nilimwonea huruma mama mkwe. Mimi!

Yeye akacheka kwa furaha.

"Kumbe anapenda kubebwa! Ameshaanza kutembea?"

"Mama, ulijua?"

"Katekista alinisomea ile ya Pasaka. Leo yuko Karema, nikakupa wewe hii, nikidhani haina mambo."

"Na mimi je?"

"Mwanangu, hasira za nini? Yule ni mke wa huko. Wewe ni wa hapa."

Nyie, rafiki zangu, mngemjibu nini?

Mimi niliinuka. Nilikwenda nyumbani, nikachukua jembe la posa waliloleta kwetu, ambalo likirudishwa uchumba umevunjika. Baba alikataa kulirudisha, akisema ni kazi ya mshenga.

Nimelirudisha mwenyewe, mchana huu huu, majirani wakiangalia.