Niliacha chaki nikaingia cybersecurity nikiwa na miaka 41, hapa Bunia, vita ikiendelea

Wakuu, salamu kutoka Bunia.

Kiswahili changu ni cha huku Ituri, si cha Dar, mtanivumilia. Lakini haya ninayoandika yamenipata mimi mwenyewe. Sikusimuliwa na mtu, na sijaongeza chumvi.

Nina watoto wanne. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tano kwenye kijiji kimoja cha Djugu, upande wa Iga Barrière. Miaka kumi na minne nilishika chaki. Nilidhani nitazeeka nayo.

Halafu vita ikatufikia.

Hapo sitaeleza sana. Shule ilichomwa, siye tukatembea kwa miguu mpaka Bunia, mtoto wa mwisho mgongoni. Mume wangu, Baba Dorcas, akashuka Kasenyi, kule ziwani, kutafuta maisha kwenye samaki. Mimi na watoto tukabaki kwenye site ya déplacés, yaani kambi, pembeni ya mji, pamoja na wengine waliokimbia vijiji vyao.

Kwa kuwa nilijua kuandika, watu wa site walinipa kazi ya kuongoza gurupu letu la meseji. Matangazo yote yalipitia kwangu: siku ya chanjo, siku ya unga na mafuta, barabara gani inapitika. Nikiandika mimi, watu waliamini.

Na kuna mtu aliyeliona hilo.

Mchana mmoja nikapigiwa simu. Sauti ya mwanamume, Kifaransa safi kabisa. Akasema anaandikisha viongozi wa magurupu kwa ajili ya msaada. "Mama, utapata namba sita kwa SMS. Unisomee tu."

Nikamsomea. Tena polepole, kama nilivyokuwa nikiwasomea wanafunzi dictée, ile imla!

Dakika chache baadaye akaunti yangu ya meseji ikajifunga. Nikadhani ni réseau, mtandao umekatika.

Kisha nikasikia makelele. Kutoka nje, naona watu wanakimbia na watoto mikononi. Dorcas, binti yangu mkubwa, akanijia anahema.

"Mama, umeandika kwamba wanakuja! Juu ya nini haukuambia siye kwanza?"

Nikamwambia sijaandika kitu. Akanionyesha telefone ya jirani. Picha yangu. Jina langu. "Wamefika karibu. Kimbieni sasa hivi, acheni vitu."

Wakuu, hakuna mwenye silaha aliyekuwa anakuja. Walikuja wezi tu. Site ilipobaki tupu wakazoa sufuria, blanketi, magodoro, hata mabashi, yale maturubai ya kuezekea. Bibi mmoja, Mama Ngave, alianguka kwenye mtaro akavunjika nyonga. Watoto wawili walipotea, wakapatikana jioni.

Kesho yake kamati ya site ikaniita.

"Weye njo uliuza siye," akasema mmoja wao, yaani mimi ndiye niliyewauza.

Nikaeleza habari ya namba sita. Hakuna aliyeelewa. Hata mimi sikuelewa! Wakanitoa kwenye gurupu, na sikuweza tena kupita pale bila watu kunyamaza. Nikachukua watoto, tukahamia kwa shangazi ya mume wangu mjini.

Kukosea kuna aibu yake. Lakini kukosea halafu mtu mwingine avunjike mfupa, hiyo aibu inakaa na wewe mezani, inakaa na wewe kanisani.

Baba Dorcas akanipigia kutoka Kasenyi. "Tupa ile telefone. Rudi kwa mambo yako ya ualimu."

"Situpi," nikamwambia. "Nataka kujua waliingilia wapi."

Karibu na soko kulikuwa na kituo cha informatique, mambo ya kompyuta, chenye kozi ya usalama wa mitandao. Formateur, mwalimu wa kozi, alikuwa kijana anaitwa Justin. Aliponiona akauliza, "Mama, unaandikisha mutoto gani?"

"Huyu," nikasema, nikajishika kifua.

Hakucheka, namshukuru mpaka leo. Tukakubaliana nisafishe darasa kila asubuhi, kisha nisome bure.

Mwanzo ulikuwa mgumu jamani. Souris, kile kipanya cha kompyuta, ilinikimbia mezani. Maneno mengi ni Kiingereza, na mimi nimesoma kwa Kifaransa. Vijana waliokaa nyuma walikuwa wakinitazama ninavyotafuta herufi kwa kidole kimoja. Mara mbili risasi zililia upande wa barabara ya kutokea mjini, kituo kikafungwa siku kadhaa, tukaanza upya.

Mtihani wa kwanza nikaanguka. Nikajifungia chooni nikalia, nikanawa uso, nikatoka.

Siku hiyo nikajiuliza swali la kazi yangu ya zamani: hili somo ningelifundishaje darasa la tano?

Nikachukua daftari, nikaandika kila neno kwa Kiswahili cha mtoto. Phishing: kumtega mtu kwa meseji ya uongo ili akupe siri yake. Firewall: ni kama barrière ya barabarani, kila anayepita anaulizwa anatoka wapi na anaenda wapi. Namba ya SMS: ni ufunguo wa nyumba yako, anayekuomba anataka kuingia.

Nikaelewa. Kumbe shida haikuwa kichwa changu!

Wiki mbili baadaye wale vijana wa nyuma walikuwa wananiomba daftari wanakili. Mtihani wa pili niliongoza darasa zima.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kurudi site. Niliomba kamati saa moja tu. Walinipa, shingo upande. Nikasimama mbele ya watu nikaeleza jinsi nilivyodanganywa, hatua kwa hatua, bila kujitetea. Kisha nikauliza nani amewahi kuombwa namba kama ile. Mikono ikapanda, mmoja, mwingine, mwingine.

Mama Ngave alikuwa amekaa mbele na fimbo yake. Akasema, "Basi fundisha. Mimi pia niko na telefone."

Nikafundisha mpaka jua likazama.

Habari ikafika kwenye association moja inayohudumia waliokimbia vita. Wakaniajiri nifundishe wafanyakazi wao, baadaye wakanipa kazi ya kulinda data yote.

Sasa sikilizeni hili.

Asubuhi moja coordinateur wetu, mkuu wa ofisi, alipata email kutoka kwa mshirika wetu wa Kinshasa. Anataka orodha nzima ya familia: majina, vijiji vya asili, namba za simu, mahali wanapolala. Haraka, kabla ya saa sita. Nilimkuta ameshaweka faili, kidole juu ya kitufe.

"Mukubwa, ngoja kwanza."

"Mama, wanasubiri hawa!"

"Wasubiri."

Nikasoma anwani herufi kwa herufi. Moja ilikuwa imebadilishwa. Nikampigia mshirika kwa namba yetu ya siku zote. Hakuwa ameomba chochote.

Coordinateur akaiondoa ile faili, akakaa chini. Huku kwetu jina la mtu peke yake linatosha kueleza ni wa kabila gani. Ile orodha ikiwa mikononi mwa mtu mwenye silaha, sihitaji kumalizia.

Mchana ule alinisimamisha mbele ya wafanyakazi wote, akasema kuanzia leo faili haitoki ofisini kabla Mama hajaiona. Wakapiga makofi. Nilimpigia Baba Dorcas nikamweleza, akacheka kwa nguvu: "Basi na mimi nifundishe!"

Nilichojifunza, wakuu: maisha uliyoishi hayatupwi ukibadilisha kazi. Subira ya kulea na ya kufundisha ndiyo iliyonifanya nione ile herufi moja. Na ukikosea, usijifiche. Tafuta kujua ulikosea wapi, kisha waambie wengine.

Leo mtu akiniuliza kazi yangu, namjibu: ninalinda majina ya watu.

Weye mama unayejiambia umechelewa, andika hapo chini una miaka mingapi na unataka kuanza nini. Na wataalamu mlioko humu, nikosoeni palipo na kosa. Bado ninasoma.